Ndiyo ya Kuvuta Ndani

Usiku ule niliambiwa mara sita kwamba hakuna haja ya kuwa na wasiwasi. Daktari aliniambia huku akitembea. Muuguzi aliniambia bila kuondoa macho kwenye mishale ya vipimo vya shinikizo. Mume wangu, Sune, aliniambia kwa simu kutoka nyumbani, kilomita mia mbili na arobaini, na nyuma ya sauti yake nilisikia droo ya visu ikifunguliwa na kufungwa bila sababu yoyote. Mara tatu zilizobaki aliniambia Krister, msimamizi wa binti yangu kazini, na kila aliposema alikuwa akitafuna ukingo wa kikombe chake cha karatasi.

Binti yangu Hillevi alikuwa ndani ya pipa la chuma. Wao huliita chumba cha shinikizo, lakini mimi nimefanya kazi miaka ishirini na miwili katika jiko la shule na pipa nalijua nikiliona. Lilikuwa na kidirisha cha duara, kikubwa kama sahani ya chai. Ndani alikuwa amelala pamoja na mhudumu mmoja, akivuta oksijeni, kwa sababu mchana ule alipandishwa haraka mno kutoka chini ya maji na mapovu yakaingia kwenye damu yake. Mguu wa kushoto haukuwa na hisia kuanzia gotini kwenda chini. Maneno ya daktari yaliyokuwa na maana yalikuwa mawili tu: kwamba mara nyingi mguu hurudi, na kwamba mlango ukifunguliwa na mguu haujarudi, tutakuwa na mazungumzo mengine.

Mlango wenyewe hauna kufuli. Unashikwa na hewa iliyosongwa ndani, na mpaka hewa hiyo ipungue kidogokidogo hakuna wa kuufungua. Nilimuuliza muuguzi, Ingalill, itakuwaje mwanamume mwenye nguvu akitokea.

"Hata trekta haliwezi," alisema. Alidhani hilo litanituliza.

Basi nilikaa kwenye benchi nikatazama mlango, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine nikaanza kuyapitia maisha ya mtoto wangu, tangu mwanzo, kama mtu anayetafuta mahali alipoangusha ufunguo.

Hillevi alizaliwa bila kulia. Mkunga alimgeuza, akampiga kidogo mgongoni, na mtoto akaitazama taa ya dari kwa utulivu kama anayekagua ilivyofungwa. Niliyelia ni mimi. Tangu siku ile tuligawana kazi hivyo, na hakuna aliyewahi kuomba tubadilishane.

Alipokuwa na miaka tisa alitumbukia kwenye barafu ya mto, mwezi wa Aprili, akivuka kwenda kwa bibi yake. Alitandaza mikono juu ya ukingo, akapiga miguu kama chura, akajiviringisha mpaka mahali penye barafu nene, kama walivyofundishwa shuleni. Kisha akaja nyumbani, akasimama mlangoni maji yakimchuruzika.

"Mama," alisema, "glavu moja imebaki."

Nilimvua nguo, nikamfunika blanketi, nikampasha supu, nikahakikisha ameimaliza, ndipo nikazimia. Sune aliporudi alimkuta mtoto akinipepea kwa gazeti.

Akiwa na miaka kumi na sita alijiunga na chama cha wazamiaji katika bwawa la kuogelea la wilaya. Nilikwenda naye kila Alhamisi. Nilikaa kando ya bwawa na taulo magotini, wazazi wengine wakiwa nyumbani wanatazama televisheni. Huko wanafundishwa kwamba shida ya hewa chini ya maji haiui upesi kama hofu inavyoua, na kwamba kuna mambo manne ya kufanya kwa mpangilio: simama, pumua, fikiri, tenda. Niliyajifunza kwa kuyasikia. Jikoni shuleni, chungu kikianza kuungua, huwa nafika kwenye "simama" na kubaki hapo.

Jioni moja mwalimu alimjia kwa nyuma, chini kabisa kwenye kina, akamfungia mtungi wa hewa. Nilimwona kupitia maji. Hillevi hakurusha mkono wala mguu. Alikaa tu pale kama mtu aliye kwenye kituo cha basi, kisha akapeleka mkono nyuma, polepole, akaufungua mwenyewe.

Garini nilimwambia, "Yule mtu alikufungia hewa."

"Ndiyo kazi yake, mama."

"Na wewe ukakaa tu."

"Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Nione kama atafungua mwenyewe. Endesha, taa ni ya kijani."

Sasa ana miaka ishirini na sita na cheti cha kuzamia kwa kazi. Kila masika, wanaume wanne au watano wa wilaya yetu hugundua kwamba barafu haikuwa nene kama walivyowaambia wenzao Jumamosi usiku, na Hillevi ndiye anayeshuka kufunga mnyororo kwenye pikipiki zao za theluji ili zivutwe juu. Hajawahi kumcheka hata mmoja. Wanamwogopa kwa hilo. Miezi iliyobaki anakagua mabomba ya maji ya vijiji na wavu wa chuma kwenye bwawa la umeme. Anashuka amefungwa kamba, na ndani ya kamba hiyo mna waya wa simu. Uso wote umefunikwa na barakoa yenye kipaza sauti. Juu yupo msimamizi mwenye spika, anayesikiliza kila anachosema na kila anachopumua.

Msimamizi wa zamani alistaafu. Kampuni ikamleta Krister, mtu wa Skåne, kusini kabisa mwa nchi, ambako theluji hufika kama mgeni na kuondoka kabla ya chakula. Watu wa kule huongea kama wana uji kooni, na huongea sana. Nilimkaribisha kahawa wiki yake ya kwanza. Nikamwekea vipande vya jibini ndani ya kikombe, kama inavyotakiwa kwetu kaskazini, naye akavitoa kimoja kimoja kwa kijiko, akavipanga kwenye kisosi, akavitazama.

"Una watoto, Krister?" nilimuuliza.

"Wawili. Na mbwa."

"Basi utanielewa. Huyu wangu hasemi kitu. Hata akiwa anakufa atasema glavu imebaki. Kwa hiyo ukisikia pumzi yake imebadilika, usikae kuulizauliza. Mvute."

"Mama," alisema Hillevi, "mwache anywe kahawa."

"Naongea na Krister."

"Unamtisha."

"Anatakiwa atishike. Analipwa kwa hilo."

Krister aliweka mkono kifuani. "Gunvor," aliniambia, "juu yangu hilo. Ikibadilika tu, namvuta."

Nililala vizuri usiku ule. Maisha yangu yote niliomba apatikane mtu wa namna hiyo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Machi, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Hillevi alishuka mita thelathini na moja kwenye wavu wa bwawa, na baada ya dakika ishirini na tano kipumulio chake kikaganda. Hili hutokea kwenye maji ya baridi kali: barafu hushika valvu yake, kile kilango cha hewa, ikiwa wazi, na hewa humwagika kwa kelele bila kukoma, na mtungi uliokusudiwa nusu saa huisha kwa dakika chache. Alipokwisha kuvutwa juu na mguu umekufa ganzi, helikopta ilimleta huku, na Krister akanipigia simu. Tulifika hospitali karibu pamoja, kila mmoja na gari lake. Benchi lilikuwa moja.

Ilikuwa kama saa saba usiku aliponisimulia vizuri.

"Nilisikia hewa inamwagika," alisema. "Akaongea kitu, sikukishika, kelele ilikuwa nyingi. Kisha kelele ikakatika kabisa. Kimya. Nikamuuliza, Hillevi, una hewa? Hakunijibu. Alihema tu. Hivi." Akavuta hewa ndani, ghafla na kwa ufupi, macho yamemtoka. "Nikauliza tena, una hewa? Akahema tena. Uko sawa? Akahema. Mara tano, Gunvor. Mtu anayetafuta pumzi ya mwisho. Nikakumbuka maneno yako."

"Ukamvuta."

"Nikaamuru wamvute moja kwa moja, bila kusimama njiani. Afadhali mapovu kuliko maji mapafuni. Na alipokuwa anakuja juu alikuwa analia."

"Hillevi?"

"Sauti ndefu, njia yote. Sijawahi kusikia kitu kama kile."

Alikuwa amekwisha kuandika taarifa kwenye simu yake, akanionyesha. Mzamiaji alipatwa na hofu kuu kutokana na hitilafu ya kipumulio. Hakuweza kujibu maswali. Taarifa ya namna hiyo ikipelekwa, cheti cha mzamiaji huwekwa kando mpaka daktari wa akili aridhike.

Nitasema ukweli. Kwanza nililia. Kisha, katikati ya kulia, kuna sehemu ndani yangu iliyofurahi kidogo. Miaka ishirini na sita nilingoja mtoto huyo aogope kitu, angalau mara moja, ili tuwe na jambo la kuzungumza. Sasa ameogopa, na mimi sikuwapo, nilikuwa namenya viazi vya watoto mia na arobaini.

Tukakaa. Mshale ulishuka upana wa ukucha. Nilikuwa nimechoka, ule uchovu unaopita hofu na kutokea upande wa pili. Krister akasimama, akajinyoosha.

"Nikuletee kahawa nyingine?"

Nikamjibu.

Alikitupa kikombe. "Muuguzi," aliita, "huyu mama hapumui vizuri." Alikuwa amenishika bega, ananiegemeza ukutani, ananilegezea skafu.

Ingalill hakugeuka. "Amesema ndiyo," alisema.

"Amesema nini?"

"Ndiyo. Anataka kahawa. Na mimi niletee, bila sukari."

Niseme hapa jambo ambalo kwetu hakuna anayelisema, kama vile hakuna anayeeleza jinsi ya kupepesa macho. Sisi watu wa kaskazini hatuitamki ndiyo kila mara. Tunaivuta. Unakunja midomo kidogo na kuingiza hewa mara moja, shup, kama mtu anayeonja chai ya moto. Si kusonya, wala hakuna dharau ndani yake. Watoto wetu huijua kabla ya kuota meno. Na haitumiwi na mtu mwenye hofu. Mtu wetu akiogopa hutoa sauti nje kama watu wengine, tena kwa maneno mengi, kama mimi siku ya jibini. Ndiyo ya kuvuta ndani ni ya mtu aliyekaa vizuri, ambaye jambo limekwisha kumkalia sawa kichwani na haoni haja ya kufungua mdomo zaidi.

Krister alikuwa bado ameshika skafu yangu.

"Fanya tena," alisema.

"Siwezi kufanya hivihivi. Niulize kitu."

"Unaitwa Gunvor?"

Shup.

Akakaa chini. Hakukaa kwenye benchi; alikaa sakafuni, mgongo ukutani, kwenye kahawa aliyoimwaga.

"Una ile sauti?" nilimuuliza. "Ya kwenye kamba?"

Alikuwa nayo, kila mzamio hurekodiwa. Aliiweka simu kati yetu. Kwanza ilikuja kelele ya hewa, kama bomba la bustani lililopasuka. Ndani yake, mbali, sauti ya binti yangu, ile ile anayoitumia kuniambia maziwa yamekwisha: "Kimeganda. Nafunga. Nahamia mtungi wa pili." Kelele ikakatika. Kisha sauti ya Krister, juu, ya haraka.

"Hillevi, una hewa?"

Shup.

"Una hewa? Nijibu."

Shup.

"Uko sawa?"

Shup.

Niliisikia hata uvivu uliokuwa ndani yake. Ya nne ilikuwa na udhia kidogo, na ya tano nilijua kabisa uso aliokuwa nao, kwa sababu ndiyo uso ninaopewa mimi nikimuuliza mara ya tano kama amekula.

"Alikuwa anakujibu," nilisema.

"Zamani alikuwa anasema sawa. Kitabu kinasema lazima useme sawa. Mizamio miwili ya kwanza alisema sawa kila mara."

"Alikuwa hajakuzoea."

Akafunga macho. Hilo ndilo kosa la Hillevi katika habari hii, na silifichi: alifunga hewa iliyokuwa inamwagika, akafungua nyingine, gizani, na vidole vyenye ganzi, kwa muda mfupi kuliko wa kuvaa buti, na kwa kuwa hayo yalikwisha akajisahau akajibu kama yupo mezani kwake.

"Lakini alilia," alisema Krister. "Hilo siyo ndiyo. Sikiliza."

Tukasikiliza. Ilikuwa sauti moja ndefu, ya chini, isiyopanda wala kushuka. Nilikuwa nikimsikia akiitoa kwenye bwawa la kuogelea, Alhamisi kwa Alhamisi, nikiwa na taulo magotini. Ukivutwa juu haraka, hewa iliyo mapafuni hutanuka, na ukiibana huyapasua. Kwa hiyo wanafundishwa kuguna njia nzima ili koo libaki wazi.

"Krister," nilisema, "huko siyo kulia."

Alikwisha kuelewa. "Ndivyo tunavyowafundisha," alisema. "Mimi mwenyewe nafundisha. Nina picha yake ukutani ofisini, mtu anaguna." Akajifuta uso kwa mkono wenye kahawa. "Hakuwa na shida yoyote. Angepanda mwenyewe, angesimama njiani kwenye vituo vyake, angekuwa nyumbani saa hii."

"Ndiyo."

"Mguu ule ni wangu."

Hapo mama mwingine angempiga, au angemshika mkono. Mimi nilikuwa nashughulika na maneno niliyoyasema mwenyewe juu ya kisosi chenye jibini. Usikae kuulizauliza. Na yeye, maskini, aliuliza mara tano, mara tano zaidi ya nilivyomruhusu, na mara zote tano alijibiwa. Binti yangu aliishinda baridi na barafu na valvu iliyokwama. Waliomshinda ni watu wawili waliokuwa wanamwonea wasiwasi.

"Gawa," nilimwambia. "Goti ni langu."

Alicheka vibaya, kama mtu aliyepaliwa. Ingalill alisema tupunguze sauti, kuna watu wanalala, ingawa aliyekuwa amelala alikuwa mmoja tu na alikuwa ndani ya chuma.

Baadaye Krister aliifungua tena taarifa. Akafuta, akaandika, akafuta.

"Niandike nini?"

"Andika alikuwa mtulivu, na sisi tukaogopa kwa niaba yake."

"Hakuna kisanduku cha hivyo kwenye fomu. Kuna hitilafu ya kifaa na kuna kosa la mzamiaji."

"Kosa la msimamizi hakuna?"

Alitazama. "Lipo," alisema. "Ukurasa wa pili." Akatia alama pale, akashika simu mbali kidogo na macho yake akaisoma kwa sauti yote, polepole, na mahali palipoandikwa hofu kuu hapakuwa na kitu tena. Akaituma. Kisha akaniuliza kama nadhani atabaki na kazi, na nikamjibu kwa maneno, ya kutoka nje, kwamba sijui.

Saa kumi na mbili kasoro mwanga ulianza kuingia kwa dirisha la mwisho wa korido, wa kijivu, kama maji ya kuoshea vyombo. Sune alipiga simu akasema hakuna haja ya kuwa na wasiwasi, nikamwambia akanywe kitu cha moto. Mshale ulikuwa umekaribia sifuri. Daktari alikuja, safari hii akasimama. Ingalill aliweka mkono kwenye gurudumu la valvu, na ndani ya chuma kikasikika kitu kinachovuja, chembamba, kikaendelea kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kushikilia pumzi yangu. Najua kwa sababu nilijaribu. Krister alisimama nyuma yangu. Hakusema lolote, na kwa mtu wa Skåne huo ni mzigo.

Mshale ukalala. Mlango ukalegea, wenyewe, bila mtu kuugusa, ukaingia ndani upana wa mkono, na Ingalill akausukuma uliobaki.

Kizingiti cha pipa lile kiko juu, karibu na goti. Hillevi alikuja akakaa juu yake, nywele zimemsimama upande mmoja, amevaa gauni la hospitali na hana soksi. Alitoa mguu wa kulia, akauning'iniza. Akaweka mikono chini ya goti la kushoto, kama mtu anayetaka kuinua mzigo. Daktari akasogea. Nikamwona Hillevi anafikiri. Kisha akaitoa mikono, akaiweka kando yake kwenye chuma, na mguu ukaja wenyewe, polepole, kisigino kikakwaruza kizingiti, ukapita, ukashuka mpaka ukagusa vigae vya korido. Vidole vikajikunja mara moja.

"Sakafu yenu ni baridi," alimwambia daktari, kama mtu anayelalamikia hoteli.